Gauni la Mkono Uliopauka

Baraza la duka la vitambaa lilikuwa upande wa barabara unaopata kivuli mapema, na vyerehani vyake vilipangwa kwa heshima ya wenyewe. Cha kwanza kilikaa ubavuni mwa mlango. Mteja akitoka ndani na kitambaa kwapani, kitambaa kipya ambacho bado kinanukia wanga, macho yake yalimwangukia kwanza fundi wa mlangoni. Huyo ndiye aliyempokea, akamsikiliza anataka nini, kisha akaichukua kazi mwenyewe au akamsogeza mgeni kwa mwenzake. Wa mwisho, kule karibu na mtungi wa maji, alipata viraka na suruali za shule zilizopasuka magotini.

Mlangoni alikaa bibi yangu, mama yake mama.

Kiti kilikuwa cha babu. Babu alipofariki, mafundi walitazamana, maana mjomba wangu, mwanawe wa kiume, alikuwa bado mchanga katika kazi. Mwenye duka, Mhindi mpole aliyezaliwa Tabora na aliyesema Kiswahili cha mjini kama sisi, akatamka kile ambacho wengine walikijua. Anayezijua kanzu za marehemu kuliko wote, alisema, ni mjane wake. Ilikuwa kweli. Miaka yote babu alipokuwa barazani, Bibi alikuwa nyumbani anakata na kushona kazi zilizomzidi mumewe, na watu wakazisifu kanzu hizo kwa jina la babu. Basi alipotoka eda, Bibi alijifunga kanga, akaenda kukaa mlangoni. Hakuna aliyemjaribu. Jina la nyumba yetu lilitosha, kwa kuwa wazee wetu walikuwa mjini tangu siku za misafara, na hakuna mtu aliyekumbuka baraza lolote la Tabora ambalo hatukuwa na ndugu juu yake.

Miaka ile baada ya Azimio, mafundi wa barazani waliunda ushirika, na walipotafuta mwenyekiti hawakutafuta mbali. Walimtazama aliyekaa mlangoni.

Nami nilikuwa nasoma sekondari ya bweni. Nilirudi likizo nikiwa nimejaa maneno. Neno nililolipenda kuliko yote lilikuwa usawa. Nililitamka nikichota maji, nililitamka nikichambua mchele. Bibi alinisikiliza kwa upole, kisha akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano.

Lazima nieleze jambo la mkasi, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo. Pale barazani si kila aliyeshona aliitwa fundi. Fundi alikuwa mwenye mkasi, yaani aliyeruhusiwa kukata kitambaa cha mteja. Asiye na mkasi alishona kilichokatwa na mwenzake, hata awe na mvi. Kuupata mkasi kulikuwa na desturi yake. Ulihitaji mdhamini, mmoja wa mafundi wenyewe. Mdhamini alitoa kitambaa chake, nawe ukamkatia yeye vazi mbele ya mafundi wote, na wakati unakata hakuna aliyeruhusiwa kutia neno. Ukishamaliza kushona, mdhamini alilivaa vazi lako mjini, mchana, watu wamwone. Likikubalika, ulipewa mkasi. Likiharibika, lilichanwa likawa matambara ya kufutia mafuta ya cherehani, na wewe ulirudi kushona vya wenzako. Sikuwahi kusikia mtu aliyejaribiwa mara mbili.

Wote waliopata mkasi kwa njia hiyo walikuwa wanaume.

Wanawake walikaa uani kwetu. Kazi yao ilikuwa ya sindano ya mkono: matundu ya vifungo, mapindo, na ile darizi nyembamba inayozunguka shingo ya kanzu. Kanzu za Ijumaa za wazee wa mjini na kanzu za mafrateri wa seminari ya Kipalapala zilipita kwenye mapaja ya wanawake hao, wamekaa mkekani, wamenyoosha miguu, wanasengenya. Zikitoka pale zilikwenda barazani, na mteja alimshukuru fundi.

Kati yao alikuwamo mwanamke mmoja tuliyemwita mama wa Goweko, kwa sababu alitoka huko. Alikuwa mjane, mrefu, sauti yake nene, na hakuweza kushona akiwa kimya. Alimwita Bibi "mayu", kama watu wa kwao wanavyomwita mama. Alikuja mjini kwa treni na mkeka na kifurushi, akasema wazi siku ya kwanza kwamba hakuja kukaa. Kijijini kwao, wanawake walikuwa wamepewa cherehani na serikali. Cherehani chenyewe hakijashona hata leso. Kamati ya kijiji ilikuwa imekifungia ndani ya ghala la tumbaku, ikisema kitatolewa siku atakapopatikana fundi anayetambuliwa na ushirika wa mjini. Asipopatikana kabla ya soko la tumbaku kufunguliwa, kitahamishiwa kijiji kingine.

"Kinavuta tumbaku kule ndani, mayu," alisema. "Siku kikitoka kitakohoa kwanza ndipo kishone."

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anakaza tundu la kifungo kwa meno.

"Unataka mkasi," Bibi alimwambia.

"Nataka mkasi. Watoto wetu wa kike wanavaa magauni ya kununua yaliyoshonwa kwa mtoto ambaye hakuna aliyemwona. Bega huku, kiuno huku. Ukitaka la kumkaa mtoto upande treni uje hapa, umbembeleze fundi, akupimie mtoto kwa macho kama anapima mbuzi." Akaigeuza kanzu iliyokuwa mapajani mwake, akaitazama. "Babu yangu mimi alikuwa mpagazi. Alibeba majora ya kitambaa cha marekani kutoka pwani mpaka hapa, begani. Hakuvaa hata pindo lake. Na wewe mayu, babu yako?"

Bibi aliweka sindano chini kwanza. Kisha akasema, "Babu yangu alikuwa anatembea mbele."

"Bila mzigo?"

"Bila mzigo."

"Haya," akasema mama wa Goweko, na kuendelea na tundu la kifungo, kama mtu aliyeulizia tu bei ya chumvi.

Nadhani Bibi hakulala vizuri baada ya mazungumzo hayo, ingawa hakuniambia. Asubuhi ya pili yake alimchukua mama wa Goweko mpaka barazani, akamkalisha kwenye kiti chake cha mlangoni, yeye mwenyewe akaenda kukaa kule mwisho, kwenye mtungi. Mafundi waliacha kukanyaga. Mjomba, aliyekuwa cherehani cha pili, alisimama kabisa.

"Mama, hicho kiti ni cha baba."

"Najua ni cha nani. Nilikuwa nakipangusa."

"Watu watasema nini?"

"Ngoja tuwasikie."

Hawakusema kitu. Walifanya jambo baya zaidi. Mteja wa kwanza alitoka dukani na kitambaa chake, akamwona mama wa Goweko, akampita kama nguzo. Akapita kwa mjomba, akaruka miguu ya mzee aliyeshona makoti, akajipenyeza kati ya vyerehani na ukuta mpaka kwenye mtungi. "Shikamoo bibi. Mbona umejificha huku?" Wa pili akafuata njia hiyo hiyo. Kabla ya adhuhuri kulikuwa na msongamano kule mwisho, mtungi umepinduliwa, maji yameingia kwenye viatu vya watu, na mlangoni mama wa Goweko amekaa peke yake, anajipepea kwa ubao wa kukunjia kitambaa.

"Mayu," aliita kwa sauti yake nene, "nimepata kivuli kizuri sana huku!"

Hata mzee wa makoti alicheka. Alikuwa fundi mkongwe kuliko wote, mtu wa kushona makoti ya maofisa tangu enzi za wakoloni, na kucheka kwake kulikuwa kama kukohoa. Bibi naye alicheka, lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani alitembea akitazama chini. Akaniambia kwamba alidhani kiti ndicho chenye heshima, kumbe heshima imempanda mgongoni, inamfuata hata kwenye maji ya kunawa. "Siwezi kumpa kwa kuhama," alisema. "Lazima nimdhamini."

Mwenyekiti kumdhamini mwanamke wa uani, tena mgeni, lilikuwa jambo lisilo na mfano, lakini hakukuwa na sheria ya kulizuia. Mafundi wakakubali. Mzee wa makoti akauliza swali moja tu. Kwa kuwa mdhamini lazima alivae vazi, na Bi Mkubwa havai kanzu ya msikitini, je, atakatiwa nini?

"Gauni," Bibi akasema. "Nitanunua kitambaa kizuri kuliko vyote vilivyomo humu ndani."

Alikinunua kweli. Kilikuwa kitambaa cha viwanda vyetu wenyewe, maua makubwa ya rangi ya machungwa juu ya kijani kibichi, chapa upande mmoja tu. Upande wa nyuma kilikuwa kimepauka, maua yanaonekana kama kwa ukungu. Mwenye duka alikitandaza mezani kwa mapozi, na sote tukakishika. Bibi alichukua cha kutosha gauni moja la mikono mirefu. Kilichokuwa kimebaki kwenye jora alikichukua mke wa hakimu siku hiyo hiyo.

Siku ya jaribio walisogeza vyerehani ukutani, wakatandika mkeka mpana katikati ya baraza. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, jua limelegea, na barabarani watu walisimama na baiskeli zao. Mama wa Goweko alimpima Bibi kwa utepe, mbele, nyuma, urefu wa mkono, akisema vipimo kwa sauti kama mnadi. Kisha akapiga magoti, na sauti yake ikaisha. Sikuwahi kumwona amenyamaza namna ile. Alichora kwa chaki. Alikata kiwiliwili cha mbele, cha nyuma, na mkasi wa mjomba alioazimwa ukalia juu ya kitambaa kama mtu anatafuna muwa.

Akafika kwenye mikono. Mkono wa gauni una mbele na nyuma. Upinde wa kwapa unachimbika zaidi upande mmoja. Ukikata wa kulia, huo ndio unaokuwa mfano, na inabidi uugeuze ndipo ukate wa kushoto. Alikata mkono wa kwanza. Akauinua, akauweka juu ya kitambaa kilichobaki, uso juu kama ulivyokuwa, akaanza kuuzungushia chaki.

Niliona vidole vya Bibi vikikamata ncha ya kanga yake. Mzee wa makoti aliangalia barabarani. Mjomba alifumbua mdomo, akaufumba, kwa kuwa desturi ni desturi. Mkasi ukaingia. Pale barazani, penye mafundi wenye miaka yao kazini, hakuna aliyetia neno, na mikono miwili ya kulia ikalala mkekani, ubavu kwa ubavu, maua yote yakitazama juu.

Alikuja kulijua kosa mwenyewe kwenye cherehani. Aliushika ule mkono wa pili, akaujaribu bega la kushoto, akaugeuza, akaujaribu tena. Ulikubali kukaa kwa njia moja tu, upande uliopauka ukiwa nje. Aliushona vivyo hivyo, kwa mshono ulionyooka, akamaliza pindo, akalikunja gauni, akamwekea Bibi mapajani.

"Limeharibika, mayu," alisema. "Lichaneni."

Mafundi walikubaliana wakutane siku chache mbele kumalizia jambo hilo, na kila mtu alijua litakavyomalizika. Bibi alilichukua gauni nyumbani.

Asubuhi alitoka nalo chumbani, amelivaa.

Niliacha ufagio. Kiwiliwili kilimkaa vizuri sana. Kusema kweli sikuwahi kumwona katika gauni lililomkaa vile. Lakini mkono wa kulia uliwaka machungwa na kijani, na wa kushoto ulikuwa kama umefuliwa miaka kumi juani.

"Bibi, unatoka hivyo?"

"Desturi inasema mdhamini avae."

"Likiwa zuri!"

"Wewe si ndiye unayesema usawa usawa? Nipe kanga yangu. Hapana, si hiyo kubwa, itafunika mkono."

Tulitoka. Kwanza sokoni, kununua asali na njegere. Kisha kwa wagonjwa. Kisha, kana kwamba mji haujatosha kuona, tulikwenda kwenye shughuli ya ndoa mtaa wa pili, ambako wanawake walikuwa wamekaa safu kwa safu, wamependeza. Niliyatazama macho yao. Yalianza usoni kwa Bibi, "Shikamoo, shikamoo mama," yakateremka bega la kushoto, yakaganda. Kisha yakarudi usoni kwa haraka. Hakuna aliyecheka. Kama mama wa Goweko mwenyewe angelivaa gauni lile, au msichana yeyote wa uani, shughuli ile ingesimama kwa kicheko. Angepewa jina, na jina lingemfuata mpaka stesheni. Juu ya mwili wa Bibi, kosa lile lilikuwa kama mgeni asiyejulikana anatoka wapi, watu wanamwogopa kidogo.

Mwanamke mmoja kijana, mwalimu, hakuvumilia. Alitusogelea akiwa na sahani ya pilau. "Samahani bibi. Huu mkono, ndio mtindo wa sasa? Umetoka Dar es Salaam?"

Bibi aliunyoosha mkono wake wa kushoto, akautazama. "Huu umekosewa," alisema kwa sauti ya kawaida, iliyofika safu tatu nyuma. "Fundi wangu anajifunza. Lakini tazama kiuno. Umeona kiuno?"

Mwalimu akatazama kiuno. Wenzake nao wakatazama. Kiuno kilikuwa hakina dosari. Tulipoondoka nilisikia nyuma yetu ubishi mkubwa, na haukuwa juu ya mkono.

Njiani kurudi, Bibi alisimama ghafla katikati ya barabara, baiskeli zikamkwepa. Aliinua mkono wa kulia, akainua wa kushoto, akaisogeza pamoja.

"Kanzu," alisema.

"Kanzu gani?"

Alianza kutembea haraka, na sikuelewa mpaka siku ya mkutano.

Mkutano ulikuwa barazani hapo hapo, alasiri, duka limefungwa. Mafundi walikaa kwenye viti vyao, mwenye duka kwenye ngazi. Mama wa Goweko alikaa mwisho, karibu na mtungi, kifurushi chake kimefungwa tayari kwa safari. Soko la tumbaku lilikuwa linakaribia. Bibi alivaa gauni lile lile.

Mzee wa makoti alizungumza kwanza, kwa adabu. "Ndugu mwenyekiti. Hakuna asiyekuheshimu hapa. Umelivaa gauni mchana, mji umeona. Lakini jaribio ni jaribio. Hata mwanangu wa kumzaa, angekata mikono miwili ya kulia, ningelichana mwenyewe."

"Umesema kweli," Bibi akajibu. "Hebu nikumbushe, mzee mwenzangu. Wewe ulikata nini siku yako?"

"Kanzu. Sote tulikata kanzu."

"Ya kitambaa gani?"

"Bafta. Bafta nyeupe, nzuri, ya zamani ile."

"Upande wake wa juu ulikuwa upi?"

Mzee alicheka kikohozi chake. "Bi Mkubwa naye! Bafta haina juu wala chini. Popote utakapoigeu..."

Mjomba aliinua kichwa. Nilimwona mwenye duka, aliyeuza bafta kwa kila jaribio tangu enzi za baba yake, anajipiga paja polepole.

"Popote utakapoigeuza ni nyeupe," Bibi akamalizia. "Mkono ukikosea kuukata unaugeuza tu, unakaa. Hakuna atakayejua mpaka Kiyama. Wangapi hapa waligeuza? Siulizi, tulieni. Huyu naye amejifunza kwa marekani na kaniki kule kwao, vitambaa visivyo na uso. Tukamwita hapa, tukamtandikia maua upande mmoja, tukanyamaza. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kuchagua kitambaa, nikaona najionyesha kwa kumpa kizuri. Nyinyi mlipita mlango mpana, yeye tukampitisha dirishani, kisha tukamcheka ametokea na michubuko."

"Na wewe je, mama?" mjomba aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. "Wewe ulikata nini?"

"Mimi sikukata kitu. Mimi nilikuwa mke wa baba yako."

Barabarani mtu alipita na mzigo wa kuni kwenye baiskeli, akatusalimia, hakuna aliyeitikia.

"Sasa nasema hivi," Bibi akaendelea. "Chagueni. Ama yeye akate tena, bafta, kama nyinyi. Ama nyinyi nyote mkate tena, maua, kama yeye."

Kukawa na minong'ono. Chaguo la pili halikumpendeza mtu. Mzee wa makoti alikuwa ameshainua mkono kusema bafta, naam, bafta ni haki, pale sauti nene ilipotoka kwenye mtungi.

"Mimi bafta siitaki."

Sote tukageuka. Mama wa Goweko alikuwa amesimama.

"Nani kwetu anavaa bafta? Maiti na mashehe. Nikirudi na mkasi wa bafta, akija mama na kitambaa cha maua nimwambie nini? Nimwambie nangoja ufe? Nipeni maua. Yale yale. Tena yawe makubwa."

"Ukikosea tena?" mzee wa makoti aliuliza.

"Basi mayu atakuwa na magauni mawili mabaya, na mimi nitakuwa kwenye treni."

Hapo ndipo walipocheka kweli, wote kwa pamoja, na katika kicheko kile nikaona jambo limekwisha amuliwa kabla ya mtu kuinua mkono. Mwenye duka alikwenda kufungua mlango. Jora la machungwa lilikuwa limekwisha. Akaleta jingine, la samawati, maua meupe yenye vikonyo virefu. Bibi akalilipia. Mkeka ukatandikwa.

Mama wa Goweko alipiga magoti, akamgeukia mjomba kuomba mkasi kama mara ya kwanza. Mjomba aliutazama mkasi wake. Kisha aliinama chini ya cherehani chake, akafungua kitambaa cha mafuta, akatoa mkasi wa babu. Ulikuwa mzito, mweusi kwenye vishikio, na hakuna aliyeutumia tangu babu afariki. Sote tulijua mjomba anautunza mpaka siku atakayokaa mlangoni.

"Kata kwa huu," alisema. "Wangu hauna makali ya kukata maua."

Nilimtazama Bibi. Alikuwa anajifanya kutafuta kitu kwenye pindo la kanga.

Mama wa Goweko aliupima uzito kwa kiganja. Akachora. Alipofika kwenye mikono, alisimama, akaugeuza mfano, akaurudisha, akaugeuza tena, na akachora alama kubwa ya msalaba kwenye upande uliopauka. Halafu akainua uso akawatazama mafundi mmoja mmoja. Desturi iliwakataza kusema. Lakini desturi haikumkataza mzee wa makoti kufumba macho na kutikisa kichwa polepole, kuonyesha kwamba amekubali, na ndivyo alivyofanya. Mkasi wa babu ukaingia.

Gauni la samawati lilikubalika, na siku mama wa Goweko alipoondoka tulimsindikiza stesheni. Alipewa mkasi wake wa ushirika, ule wa babu ukarudi kwenye kitambaa cha mafuta. Treni ilichelewa, kama kawaida, na alitumia muda huo kumfundisha mke wa mtu asiyemjua namna ya kukaza tundu la kifungo. Cherehani kule Goweko kilitolewa ghalani. Nasikia kilikohoa. Magauni yake ya kwanza, walioyavaa walisema, yalinukia tumbaku mpaka yalipofuliwa mara kadhaa, na wasichana wa vijiji vya jirani wakaitambua harufu hiyo, wakasema, hilo limetoka kwa yule mama.

Ushirika ulibadili desturi. Tangu hapo kila aliyeutaka mkasi, mwanamume au mwanamke, alikata gauni la maua ya upande mmoja. Wengine walikubali kwa sababu ya haki, wengine, nadhani, kwa sababu walitaka kuona watoto wa mjini watakavyohangaika. Wakahangaika. Na kwa kuwa gauni lazima livaliwe na mwanamke, udhamini wote ukamwangukia Bibi. Wanawake wawili wa uani waliupata mkasi. Vijana wengi wa kiume walikata mikono miwili ya kulia, au migongo miwili, na mmoja alikata gauni lisilo na pa kuingizia kichwa. Hakuna lililochanwa tena. Aliyelikata alirudia jaribio, na Bibi alivaa lililoharibika.

Ndiyo maana ninapomkumbuka, mwanamke aliyeheshimiwa kuliko wote mtaani kwetu, namwona pia amevaa vibaya kuliko wote: bega limepanda, ua moja limesimama na jingine limelala kichwa chini, anakwenda sokoni taratibu, watu wanampa shikamoo na kuyazuia macho yao.

Likizo moja nilimkuta mama wa Goweko amekuja mjini kununua nyuzi. Alisimama chini ya ngazi za baraza, mkasi wake umefungwa kiunoni, akamtazama Bibi pale mlangoni juu mpaka chini.

"Mayu," alisema, "nani tena amekuharibia?"

Bibi akamwonyesha kwa kidevu kijana wa cherehani cha mwisho, ambaye aliinamia kazi yake mpaka pua ikagusa sindano. Mama wa Goweko akapanda ngazi, akalishika pindo la lile gauni, akaligeuza, akautazama mshono kwa ndani.

"Pindo ni zuri," akamwambia yule kijana. "Huko kwingine utazoea."

Kisha akavuta kigoda, akaketi mlangoni kando ya Bibi, na mteja aliyefuata akasimama mbele yao wawili, kitambaa mkononi, asijue ampe nani.

"Mpe yeyote," Bibi akasema.